Miaka Sitini Si Mwisho wa Hesabu

Siku ya kwanza baada ya kustaafu kwangu, mwaka 2011, niliamka saa kumi na moja alfajiri kama nilivyozoea kwa miaka 34. Nilikoga, nikavaa, nikanywa chai, kisha nikaketi barazani nikiwa na viatu miguuni na sina pa kwenda. Punde nikasikia kengele ya shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara yetu hapa Handeni. Kengele yenyewe ni rimu ya gurudumu la lori iliyotundikwa mwembeni. Nilisimama wima. Mke wangu akaniuliza, "Unakwenda wapi, baba watoto?" Sikuwa na jibu.

Ndugu wasomaji, siandiki haya ili nihurumiwe. Naandika kwa sababu kila mwaka walimu wengi wa nchi yetu huifikia siku kama ile, na wanafunzi wanaosoma gazeti hili wataifikia vilevile, ingawa leo inaonekana mbali kama ng'ambo ya bahari. Jambo la kusikitisha ni kwamba wengi wetu huifikia bila kuielewa. Tunafundisha baiolojia na hisabati darasani, lakini linapokuja suala la kuzeeka kwetu wenyewe tunaiacha elimu ile mlangoni na kufuata uvumi.

Hoja yangu ni hii. Katika uzee mna hesabu tatu tofauti. Ya kwanza ni hesabu ya sheria, ambayo hutaja siku ya kuacha kazi. Ya pili ni hesabu ya mwili, ambayo haina siku maalumu. Ya tatu ni hesabu ya maisha yaliyobaki, ambayo wengi hawaijui kabisa. Mtu azichanganyaye hesabu hizi hujidhuru mwenyewe na huweza kuwadhuru wengine. Nami nimepata kuwadhuru wengine kwa sababu hiyo, kama nitakavyoeleza.

Hesabu ya sheria

Watu husema "umri wa kustaafu" kana kwamba ni kitu cha maumbile, kama vile kuota meno. Sivyo. Sheria ya kwanza ya taifa zima ya malipo ya uzeeni ilipitishwa Ujerumani mwaka 1889, wakati wa utawala wa Bismarck, na umri uliotajwa ulikuwa miaka 70. Mwaka 1916 Wajerumani waliushusha hadi 65. Uingereza ilipitisha sheria yake mwaka 1908, na wazee wenye miaka 70 wakaanza kulipwa Januari 1909. Kwetu Tanzania mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na kwa lazima akifika 60. Maprofesa na madaktari bingwa wamesogezewa mpaka hadi 65. Wenzetu wa Kenya waliuhamisha umri wa lazima kutoka 55 hadi 60 mwaka 2009. Je, mwaka ule kulitokea badiliko lolote katika mifupa au mioyo ya watumishi wa Kenya? Hasha. Lililobadilika ni sheria tu, na sheria hutungwa kwa kuangalia fedha, ajira za vijana na uzoefu unaohitajiwa kazini.

Kuna jambo jingine. Sheria hudhani kwamba kila mtu anajua siku aliyozaliwa. Wazee wengi wa Handeni na Korogwe hawaijui. Waliambiwa kwamba walizaliwa mwaka wa njaa fulani, au mwaka wa nzige, au siku mama zao walipokuwa wakivuna mtama. Vijana walioletwa kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, wale walioitwa manamba kwa sababu walijulikana kwa namba, waliandikiwa umri na karani aliyewatazama sura na kukisia. Baadaye makisio hayo yaliingia katika hati na kugeuka kuwa ukweli. Mtu ambaye karatasi zinasema ana miaka 60 huenda ana 57, na huenda ana 64.

Wataalamu wa takwimu wanalijua tatizo hili tangu zamani. Watu wasiojua umri wao huchagua namba zinazoishia na sifuri au tano, kwa hiyo katika sensa hutokea milundo mikubwa kwenye 40, 45, 50 na 60, na mabonde kwenye 41, 49 na 59. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwatuma wanafunzi wake waulize umri wa watu wazima 100 katika kijiji kimoja, kisha wahesabu ni wangapi waliotaja namba zinazoishia na 0 au 5. Kama kila mtu angejua umri wake, wangekuwa karibu 20. Wakizidi sana, wanafunzi wameona kwa macho yao kwamba hata namba inaweza kuwa ni maneno ya kukisia.

Hesabu ya mwili

Mwili hauna kalenda ya ofisi. Sehemu mbalimbali huzeeka kwa mwendo tofauti, na nyingine huanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Mfano ulio bora ni jicho. Ndani ya jicho mna lenzi laini. Tunapotazama kitu cha karibu, msuli unaoizunguka hukaza, nayo lenzi huvimba katikati ili nuru ikutane mahali pake penye retina. Lenzi huongezewa tabaka mpya maisha yote, na kadiri miaka inavyopita huwa ngumu. Msuli hukaza kama zamani, lakini lenzi ngumu haivimbi tena. Kwa hiyo mahali pa karibu kabisa pa kuona vizuri husogea mbali. Mtoto wa miaka 10 huweza kusoma maandishi yaliyo sentimita 7 hivi kutoka jichoni. Kijana wa miaka 20, sentimita 10. Mtu wa miaka 40, sentimita 20 na zaidi kidogo. Wa miaka 50, kama sentimita 40. Na wa miaka 60, karibu mita nzima. Mkono wa mtu haufiki mita. Hapo ndipo mzee anaponyoosha mkono wake na kusema kwamba magazeti ya siku hizi yanachapishwa kwa herufi ndogo.

Nami nilisema hivyo. Nilikuwa na miaka 47, nikifundisha hisabati katika shule moja ya sekondari wilayani Korogwe. Nilijua somo la lenzi. Nilikuwa nikiuchora mchoro wake ubaoni kila mwaka. Hata hivyo sikutaka kukiri kwamba mchoro ule ulikuwa ukinihusu mimi. Niliona kuvaa miwani ni kutangaza uzee, na kutangaza uzee ni kupoteza heshima ya darasa. Kwa muda wa miaka miwili nilisahihisha mitihani usiku kwa taa ya chemli, nikikisia tarakimu nisizoziona.

Katika mtihani wa mwisho wa mwaka wa kidato cha pili, mwanafunzi mmoja alipata alama 43. Matokeo yale ndiyo yaliyotumika kugawa wanafunzi katika michepuo, naye akapelekwa mchepuo wa sanaa, ilhali tangu kidato cha kwanza alikuwa akisema kwamba atakuwa mhandisi. Alinijia na karatasi yake. "Shikamoo, mwalimu," alisema, "naomba uitazame tena hii." Ningeitazama tena ningelazimika kuinyoosha mbali mbele yake, au kumwomba anisomee. Nilimrudishia nikamwambia asibishane na wakubwa. Aliondoka akiiacha karatasi mezani.

Mwaka uliofuata nilipata miwani hatimaye, kwa kushurutishwa na mke wangu. Nilipokuwa nikisafisha kabati ili nichome karatasi za zamani niliikuta ile ya kijana yule, nikaisoma. Tarakimu zake za 8 nilikuwa nimezisoma kuwa 3, na 6 zake kuwa 0. Niliisahihisha upya, nikapata alama 61. Nilikwenda kwa mkuu wa shule nikaeleza kosa langu, lakini kijana alikuwa amekwisha kuhamishwa na wazazi wake na nafasi ya sayansi ilikuwa imepita. Nilimwandikia barua ya kumwomba radhi. Sikupata jibu, wala sikustahili kulipata.

Nimekaa na jambo hili kwa miaka mingi. Kilichomdhuru kijana yule kilikuwa ni aibu yangu, kwa maana macho yangu yalikuwa na dawa ya bei ndogo iliyokuwa ikiuzwa mjini. Katika utafiti uliofanywa kwa wachumaji wa chai wa Assam, India, na kutangazwa mwaka 2018, wafanyakazi wenye miaka 40 na zaidi waliopewa miwani ya kuonea karibu waliongeza mavuno yao kwa zaidi ya asilimia 21 kuliko wenzao ambao walikuwa hawajapewa. Utafiti mwingine wa Bangladesh, uliotangazwa mwaka 2024, ulionyesha kwamba mapato ya waliopewa miwani yaliongezeka kwa takriban theluthi moja katika muda wa miezi minane. Hebu tufikirie basi mafundi cherehani wa soko la Korogwe, akina mama wasukao ukili, na wakulima wa Handeni wanaochagua mbegu za mahindi moja moja. Ni wangapi wanaoacha kazi wakisema "nimezeeka," ilhali kinachowakosesha kazi ni vipande viwili vya kioo?

Misuli nayo hupungua kuanzia miaka ya thelathini au arobaini, lakini haijapata kukataa mazoezi. Mwaka 1990 madaktari wa Boston, Marekani, walitangaza matokeo ya kuwazoesha kunyanyua uzito wazee wachache waliokaribia au kupita miaka 90. Baada ya majuma manane nguvu za miguu yao zilikuwa zimeongezeka zaidi ya maradufu. Kwa hiyo ile huruma ya kumnyang'anya mzee jembe na kumketisha kitini kutwa nzima si huruma. Apunguziwe jembe, asinyang'anywe.

Ama akili, hapana budi tutenganishe mambo mawili. Kasi ya kufikiri hupungua tangu ujanani. Hazina ya maneno na maarifa huendelea kukua kwa miaka mingi baada ya hapo. Kuna maradhi yanayoharibu akili za wazee, lakini ni maradhi, wala si uzee wenyewe. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwachunguza wazee wa vijijini wenye miaka 70 na zaidi, wakaona kwamba kama 6 katika kila 100 walikuwa na upotevu wa akili wa kimaradhi. Maana yake ni kwamba 94 hawakuwa nao. Katika wilaya hiyohiyo ilionekana kwamba zaidi ya nusu ya wazee walikuwa na shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakujua. Basi mzee wa Handeni apimwe damu kwanza, kabla ya kuambiwa kwamba kizunguzungu ni uzee.

Naongeza neno moja zito. Katika sehemu fulani za nchi yetu akina bibi wamepata kuuawa kwa kusingiziwa uchawi, eti kwa sababu macho yao ni mekundu au wanazungumza peke yao usiku. Macho mekundu ni matokeo ya miaka hamsini ya moshi wa kuni jikoni. Kuzungumza peke yake huenda ni ugonjwa wa ubongo, au ni upweke. Mwalimu wa sayansi anayenyamaza juu ya jambo hili hajamaliza kazi yake.

Hesabu ya maisha yaliyobaki

Hesabu ya tatu ndiyo inayokosewa zaidi, hata na wasomi. Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1961, wastani wa umri wa kuishi tangu kuzaliwa ulikuwa miaka arobaini na kitu. Siku hizi umepita 60. Mtu husikia habari hizo, kisha husema, "Mimi nina miaka 60, basi nimebakiwa na miaka michache tu." Hilo ni kosa la hisabati.

Tuchukue mfano. Watoto 10 wamezaliwa kijijini siku moja. Wawili wanafariki wakiwa na mwaka 1. Wanane wanaishi hadi miaka 75. Jumla ya miaka yao ni 2 na 600, yaani 602. Wastani ni miaka 60.2. Tazameni basi: wastani ni 60, lakini hakuna hata mmoja aliyefariki akiwa na miaka 60. Wale wanane walipofika 60 walikuwa bado na miaka 15. Wastani wa zamani ulivutwa chini na makaburi ya watoto wachanga. Haikuwa kwamba watu wote walikufa wakiwa na miaka 43.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kuona wastani huo unavyopandishwa. Kuanzia mwaka 2009 hadi 2014 Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, pamoja na Bagamoyo kwa upande wa nchi yetu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wa maeneo yenye malaria. Kila mtoto wa Mombo au Mkata anayeokolewa asife na malaria leo ni mstaafu wa miaka sitini ijayo.

Kosa hili la wastani limemgharimu rafiki yangu mmoja, mwalimu mwenzangu. Alistaafu miaka michache kabla yangu, akasadiki kwamba amebakiwa na miaka mitano au sita. Alichukua mkupuo wake, akajenga nyumba kubwa na kununua lori lililochakaa la kubebea mahindi kutoka Handeni hadi Korogwe, mwendo wa kilomita zipatazo 65. Lori lilikufa katika mwaka wa pili. Yeye hakufa. Sasa anakaribia miaka 80, ana afya njema kuliko mimi, na anaishi katika vyumba viwili vya nyumba ile ambayo hajaweza kuimaliza. "Nilijiandaa kufa," aliniambia siku moja, "nikasahau kujiandaa kuishi."

Walimu wameujadili sana ule utaratibu uitwao kikokotoo. Kanuni za mwaka 2018 zilitaka mkupuo uwe asilimia 25 kwa watumishi waliokuwa wakitazamia asilimia 50. Zikasitishwa Desemba mwaka huohuo. Kuanzia Julai 2022 ikawa asilimia 33. Na mwaka 2024 Serikali ikaongeza tena. Sina nia ya kusema ni asilimia gani iliyo ya haki. Ninalosema ni kwamba mjadala wote huo umesimama juu ya swali moja la hisabati: mtu aliyefika miaka 60 ataishi miaka mingapi zaidi? Kwa nchi yetu jibu la wastani ni zaidi ya miaka 15. Anayedai mkupuo mkubwa na pensheni ndogo ya mwezi, na adai, lakini ajue kwamba huenda miezi itakayofuata ni zaidi ya 180. Na wanaopanga malipo wajue kwamba mtu aliyeahidiwa nusu na kupewa robo hakosei akilalamika.

Wasio na siku ya kustaafu

Hadi hapa nimesema habari za watu wenye mshahara. Lakini tukitoka nje ya uzio wa shule tutakutana na wazee walio wengi, nao hawana siku ya kustaafu. Mkulima wa Handeni halimi hadi tarehe fulani. Hulima hadi mgongo ukatae, na mvua za Handeni hazimpi fidia.

Korogwe ina kundi lake maalumu. Mkonge uliletwa pwani yetu na Dakta Richard Hindorf mwaka 1893. Reli kutoka Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakafuata reli. Kufikia mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za singa, na hakukuwa na nchi iliyotushinda. Kazi ya kukata majani yale yenye miiba ilifanywa na manamba waliotoka Songea, Kigoma, Msumbiji na Burundi. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967. Kamba za nailoni zikashusha bei. Uzalishaji ukaanguka kwa miongo mitatu. Vibarua wengi hawakurudi kwao. Walibaki kambini, mbali na koo zao, na wengine wamezeekea humo wakiwa na watoto wachache au bila mtoto. Msemo usemao kwamba mzee hutunzwa na ukoo wake hauwasaidii watu ambao ukoo wao uko safari ya siku tatu.

Nchi yetu ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, na hospitalini kuna dirisha la wazee. Hayo ni mema. Lakini Zanzibar imekwenda mbele zaidi: kuanzia Aprili 2016 kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi hulipwa pensheni ya kila mwezi, awe alikuwa karani au mvuvi. Ilianza kwa shilingi 20,000, ikaongezwa baadaye. Kenya nayo ilianza mwaka 2018 kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi. Najua jibu linalotolewa Bara: nchi ni kubwa na fedha ni haba. Jibu hilo lina uzito. Lakini katika sensa ya mwaka 2012 wenye miaka 60 na zaidi walikuwa asilimia 5.6 tu ya watu wote, na wenye 70 ni wachache zaidi. Tunaweza kuanza na wenye miaka 75, kisha tukashuka polepole kadiri mfuko unavyoruhusu. Aliyekata mkonge ulioileta nchi hii fedha za kigeni hastahili kuulizwa uzeeni ana mtoto gani wa kumlisha.

Je, uzee una faida?

Wanafunzi huniuliza swali hili kwa adabu, wakitumaini kwamba sitaudhika. Naam, unazo. Sayansi yenyewe imelipa swali hilo uzito. Wataalamu walioishi na Wahadzabe kando ya Ziwa Eyasi waliwaona akina bibi waliokwisha kukoma kuzaa wakichimba mizizi kwa saa nyingi kila siku, na chakula chao ndicho kilichowalisha wajukuu wakati mama zao walipokuwa na watoto wachanga. Kutokana na hayo Kristen Hawkes na wenzake walitoa nadharia katika miaka ya 1990 kwamba binadamu huishi muda mrefu baada ya kukoma kuzaa kwa sababu bibi aliwasaidia wajukuu wasife. Nadharia hiyo bado inajadiliwa, lakini inatufundisha kuuliza swali vizuri.

Kwa upande wangu, faida ninazozijua ni ndogo ndogo. Naitikia marahaba nyingi kuliko shikamoo ninazozitoa. Wajukuu wangu wananitania, nami nawatania, jambo ambalo sikuthubutu kulifanya na baba zao. Naweza kusema "sijui" mbele ya watu, neno ambalo lilikuwa gumu kwangu nilipokuwa na chaki mkononi. Huzuni zipo pia. Majina katika daftari langu la simu yanapungua, na kila msiba wa mwalimu mwenzangu hunipunguzia mtu mmoja anayekumbuka nilivyokuwa kijana. Sitawaficha hilo.

Mwalimu Nyerere aliiachia madaraka ya nchi mwaka 1985 akiwa na miaka 63, akarudi Butiama kulima. Neno alilolitumia, kung'atuka, alilitoa katika lugha ya kwao ya Kizanaki, likaingia katika Kiswahili chetu sote. Lakini tukumbuke kwamba baada ya hapo aliongoza Tume ya Nchi za Kusini kuanzia mwaka 1987 hadi 1990. Aliacha kiti, hakuacha kazi. Hiyo ndiyo maana ninayoipenda.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, kila mwalimu aliyefika miaka 40 apimwe macho na shinikizo la damu, na asione haya mbele ya wanafunzi. Miwani yake ni somo la lenzi lililo hai. Pili, mafunzo ya kujiandaa kustaafu yaanze mtumishi akiwa na miaka 45, wala yasingoje miezi sita ya mwisho, na somo la kwanza liwe ile hesabu ya watoto kumi. Tatu, kila shule ya sekondari ya Handeni na Korogwe iwatume wanafunzi wake kwa wazee na rula na daftari. Wapime umbali wa karibu ambao mtu wa kila umri huweza kusoma, wachore grafu. Kisha waandike yale ambayo wazee wanayajua kuhusu mbegu, mvua na miti, kwa maana penye wazee haliharibiki neno, lakini mzee akifa kabla ya kuulizwa neno limepotea.

Siku hizi kila Jumatano alasiri navuka barabara kwenda ile shule ya msingi. Mwalimu mkuu amenipa darasa la watoto 14 wanaosumbuliwa na hesabu za mafungu. Silipwi chochote zaidi ya chai. Nachukua miwani miwili, mmoja machoni na mmoja mfukoni, nami nasahihisha kila daftari mara mbili.